Na Yakilingana?

…umegawa kwa nini, hivyo ndivyo alivyouliza mtahini, wala hakukaza sauti, umegawa kwa nini hapo mstari wa tatu, binti, kwa sauti ile ile aliyoombea maji ya kunywa tulipoanza, sauti ya mgeni anayeulizia choo kiko upande gani, na mimi nilikuwa naangalia doa la chai kwenye mkono wa koti langu nikiwaza kwamba kwa mwendo huu tutamaliza kabla ya saa sita, kisha nikasikia kimya, maana kimya nacho husikika, hasa kwenye ukumbi wenye feni mbovu inayogonga kila ikizunguka, tak, tak, na mwanafunzi wangu Sisimizi amesimama pale ubaoni na chaki mkononi, hajibu, na mtahini wa nje, mama mtu mzima mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine ameisahau kichwani, anamtazama kwa upole, anasubiri, na swali lenyewe sijui nimelielewa au sijalielewa, umegawa kwa nini, yaani kwa sababu gani, au kwa kitu gani, ni maswali mawili hayo yamevaa nguo moja, la kwanza jepesi, mtu anajibu nimegawa ili herufi hii ibaki peke yake upande wa kushoto, basi, tunaendelea, lakini la pili, umegawa kwa kitu gani, la pili lina… hapana, amemaanisha la kwanza, bila shaka la kwanza, mama mpole kama huyu, tangu asubuhi anasema ahsante kwa kila karatasi anayopewa, asingekuja safari yote hii kuuliza la pili, na Sisimizi si aseme tu, sema mwanangu, mbona jana ofisini ulikuwa unabubujika kama bomba, miaka minne nimekusimamia hujawahi kukosa neno, hata ule mwaka wa kwanza walimu wenzangu walipokubandika jina hili la Sisimizi, kwa mwili wako mdogo na mzigo wa vitabu uliokuwa unakuzidi, uliwajibu kwamba sisimizi hubeba uzito mara nyingi zaidi ya wake na ungependa kuona nani kati yao anaweza, wakacheka, jina likaganda, na leo unatetea tasnifu, leo siku yenyewe, umeshika chaki kama mtu aliyeshika kipimajoto cha mgonjwa.

Mstari wa tatu, hebu niusome na mimi, miwani yangu iko wapi, iko usoni, haya, juu ya mstari wa kugawia kuna rundo la alama, sawa, chini yake kuna pigo la kwanza toa pigo la pili, na pembeni kabisa, kwa mwandiko wake mdogo, ameandika, tazama makala ya Mwalimu, ukurasa wa tisa, na Mwalimu ni mimi, na ukurasa wa tisa naujua kama ninavyoujua uso wa mama yangu, mtandao wowote wa nguzo na nyaya una mapigo yake, namna yake ya kutetemeka ukiutikisa, na mimi miaka kumi na moja iliyopita nilithibitisha kwamba mitandao ya umbo fulani, hata uitikise vipi, mwishowe hutulia, lazima itulie, wakaiita Nadharia ya Utulivu, wakaitundika koridoni kwenye fremu, karibu na kizima moto, na ili kufika huko unagawa mara moja tu, ukurasa wa tisa, kwa tofauti ya yale mapigo mawili ya kwanza, na hapo nikaandika, ni wazi kwamba mapigo haya hayawezi kulingana, ni wazi, maana yakilingana tofauti yao ni sifuri, na kugawa kwa sifuri ni kitu ambacho mtoto wa darasa la tano anakatazwa kabla hajakatazwa kutukana… "Labda niseme kidogo," hiyo ni sauti ya Mkuu wa Idara, najua bila kugeuka, mtu huyu havumilii kimya kama wengine wasivyovumilia njaa, "hatua hiyo, Profesa, ilishathibitishwa zamani, iko kwenye makala ya mwenzetu huyu hapa, tumeitundika pale nje," na mtahini anageuka, anatabasamu, "Nimeiona. Nimeisoma pia. Ila ningependa kusikia kutoka kwake. Sina haraka, binti, fikiri tu," kisha anarudisha uso ubaoni, kwa hiyo ni la pili, ni swali la pili, kwa kitu gani.

Tulia, usikunje uso, Mkuu anakutazama, baba wa Sisimizi yuko nyuma naye anakutazama, mzee fundi wa kuchomelea vyuma, amekuja na suti inayombana mabegani, asubuhi pale mlangoni nilimwamkia shikamoo akaniitikia marahaba kwa haya kama mimi ndiye mkubwa, akasema, "Mwalimu, mimi hesabu zangu ziliishia kwenye kugawanya, huko mbele nilimwachia binti yangu na wewe," akacheka, nikacheka, na sasa amekaa safu ya mwisho ameweka kofia magotini, anatabasamu, hajui kwamba hapa ndipo, kwenye kugawanya kule kule alikoachia yeye, anadhani binti yake anafikiri jambo kubwa, na labda anafikiri, labda anatafuta, angalia anavyoukazia macho ubao, hanitazami mimi hata kidogo, hajui, masikini, hajui aseme nini, ukurasa wa tisa umemwambia ni wazi na yeye akaamini, kama alivyoamini Mkuu, kama walivyoamini wale waliochapisha, kama nilivyo… niliamini? Niliamini mimi? Hilo ndilo sijui, na nimekuwa sijui kwa muda mrefu kiasi kwamba kutojua kwenyewe kumekuwa kama samani ndani ya nyumba, unakipita kiti kizani hukigongi.

Maana kuna ile siku ya friji, siku ya friji ndiyo ufunguo, mama alipohamia kwangu alikuja na friji lake, alikataa katakata kuliacha, "Hili limenizikia mume, haliuzwi," akasema, sikujua friji linazikaje mtu, tukaliweka jikoni kando ya langu, yote mawili juu ya jukwaa moja la mbao, na siku ya tatu mama akaja sebuleni uso umemshuka, "Mwanangu, meza inatembea," nikamwambia mama hujalala vizuri, akasema njoo, nikaenda, na kweli meza ya jikoni ilikuwa inatembea, polepole, glasi zinagongana zenyewe, kijiko kinacheza ndani ya sahani, nikamwita mdogo wangu, yeye ni fundi wa majokofu, akaja na kisanduku chake, akalala kifudifudi nyuma ya mafriji, miguu tu ndiyo inaonekana, akasema kutoka huko chini, "Kompresa mbili, ubao mmoja, mwendo mmoja. Zinasukumana hizi. Kila moja inampa mwenziwe nguvu," na mimi nikafurahi, mjinga mimi, nikafurahi kwa sababu ilikuwa hesabu yangu imelala pale chini kwenye vumbi, nikachuchumaa nikamweleza, sikiliza mdogo wangu, mimi nimethibitisha kwamba kitu cha namna hii lazima kitulie, nikamchorea kwa kidole kwenye unga uliomwagika, pigo la kwanza hili, la pili hili, unatoa, unagawa, akasikiliza hadi mwisho, hajawahi kunikatiza tangu tukiwa watoto, kisha akauliza, "Na yakilingana, dada?" "Hayalingani." "Kwa nini?" "Ni wazi tu." Akachomoa kichwa, nywele zimejaa buibui, akaelekeza spana kwenye meza iliyokuwa bado inajikokota kwenda mlangoni, "Haya hapa yamelingana," akasema, bila kejeli, kama anavyomwambia mteja gesi imeisha, halafu akachomeka kipande cha mpira chini ya friji la mama, meza ikasimama, na mimi nikacheka, nikamwambia friji si mtandao, akasema sawa dada, wewe ndiye umesoma, tukanywa chai.

Na swali ni moja tu, ilikuwa lini? Makala niliituma mwezi wa nne, hilo nina hakika nalo, barua ya kupokelewa ninayo, mama alihamia mwaka ule ule, lakini mwezi wa tatu au mwezi wa tano? Kama ni wa tano, basi makala ilishakwenda, mdogo wangu aliuliza nimeshachelewa, nilikosea kama watu wanavyokosea, kwa nia njema, kwa kutojua, na kama ni wa tatu, basi niliambiwa, nilioneshwa kwa spana, meza ikitembea mbele ya macho yangu, na mwezi uliofuata nikakaa nikaandika ni wazi… nimeshamuuliza mama, kwa kuzungukazunguka, mama ulikuja lini vile, akasema alikuja jua likiwaka hata rangi ya mlango ilikuwa inavimba, nikamuuliza mdogo wangu, akasema mvua ilikuwa inanyesha, viatu vyake viliacha tope jikoni na mama akamfokea, na mimi mwenyewe nikikumbuka naona tope, halafu naona rangi ya mlango imevimba, vyote viwili siku moja, kwa sababu mimi ni mtu wa kubuni, hilo ndilo tatizo langu, nikikumbuka kitu sijui kama nakikumbuka au nakiandika, nikiweka mkono kwenye jambo lolote la zamani linachipua madirisha na watu na maneno waliyosema, Jumamosi zote hizi kwenye meza ile ile ya jikoni, daftari na kalamu ya risasi, hadithi za vyombo vya angani na sayari zisizokanyagika, vitabu vinne sasa, kwa jina la bibi yangu mzaa mama ili idara isijue, ingawa Mkuu alikikuta kimoja kwenye mkoba wa binti yake akaja kunisimulia kwenye chumba cha walimu, "Mwandishi huyu inaonekana anajua hesabu kidogo," kidogo! nikasema kweli eti, nikajimiminia chai huku nikizuia kicheko, na mama anaviita vitabu vya majini wa angani, hata hivyo anawasomea wageni.

Na ndani ya kitabu cha tatu… usiende huko, sasa hivi usiende huko, mtahini ananywa maji, feni inagonga, hakuna dakika iliyopita, Sisimizi amebadilisha chaki kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto… ndani ya kitabu cha tatu, sura ya saba, kuna watu elfu tatu wanaoishi kwenye vituo kumi na kimoja vilivyounganishwa kwa nyaya, pete moja kubwa angani, na jiwe linagonga kituo kimoja na pete yote inatikisika, na mhandisi mkuu, mwanamke mwenye koti lenye madoa ya chai, sikujificha sana, anapiga hesabu anatangaza kwenye vipaza sauti kwamba pete itatulia, watu warudi makazini, na mpishi aliyekuja kukusanya vyombo anasimama nyuma ya bega lake, anaangalia zile namba, anauliza, "Na mapigo yakilingana, mama?" na yeye bila kuinua kichwa anamjibu, "Hayalingani. Ni wazi," mpishi anachukua vikombe vyake anaondoka, na huko jikoni, kurasa kumi na nane baadaye, vikombe vinaanza kulia vyenyewe kwenye rafu, kwanza kimoja, kisha vyote… niliandika hilo kwa siku mbili, nilifurahi, nilimsomea mdogo wangu kwa simu akasema, "Dada, mpishi ni mimi huyo," kwa fahari, na nikasema ndiyo ni wewe, wala hata mmoja wetu hakuuliza yule mhandisi ni nani, sasa mtu anayeandika hivyo alijua au hakujua? Kama nilijua, mbona sikuandika kwenye jarida, nusu ukurasa tu, masahihisho, watu huandika kila siku, na kama sikujua, yale maneno yalitoka wapi, nani aliyaandika, bibi yangu? Yeye hata saini alikuwa anaweka dole gumba. Inawezekana mkono wa Jumamosi unajua kitu na mkono wa Jumatatu haukijui, inawezekana kichwa kina vyumba viwili na mlango wa kati umepigwa misumari, nimewahi kufikiri hivyo kwa dhati kabisa, nimewahi kufikiri pia kwamba ni uoga tu, uoga wa kawaida, umevaa koti la hadithi kusudi upite mtaani usitambulike…

"Unaweza kurejea kwenye tasnifu yako kama itakusaidia," mtahini anamwambia, na Sisimizi anasema, "Ahsante, Profesa," neno la kwanza tangu swali lilipoulizwa, sauti ndogo, lakini haendi mezani kuichukua nakala yake, hasogei, na kwa kuwa mimi sina la kufanya na mikono yangu naifungua nakala iliyo mbele yangu, angalau nionekane natafuta, ukurasa wa shukrani, anamshukuru baba yake, ananishukuru mimi, mistari mitatu, naruka, naruka haraka, yaliyomo, sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, Kiambatisho A, majedwali, Kiambatisho B, hali ya mapigo yanayolingana, ukurasa wa mia na kumi na mbili hadi mia na kumi na nane… nini? Nasoma tena. Hali ya mapigo yanayolingana. Mimi sijawahi kuona kiambatisho hicho, rasimu zote nimezisoma, karibu zote, ile ya mwisho niliipitia juu juu, nafungua nyuma, kidole kinateleza, mia na tisa, mia na kumi, mia na kumi na moja, kisha gamba la kitabu. Hakuna mia na kumi na mbili. Tasnifu inaishia kwenye majedwali, na orodha ya mbele imesahauliwa kurekebishwa, kurasa saba zilikuwepo zikatolewa, aliziandika akazitoa, na mama mwenye miwani mbili yule naye anayo nakala kama hii, naye amesoma yaliyomo, watu wa aina yake huanza na yaliyomo, basi ndiyo maana, ndiyo maana anauliza taratibu namna ile, hamtegi, anamfungulia mlango.

Kwa hiyo anajua. Sisimizi anajua. Subiri, usikimbie, hebu twende taratibu, anajua tangu lini… na hili, ajabu, hili sihitaji kumuuliza mama wala kutafuta tope, hili linakuja lenyewe limenyooka kama rula, Jumanne, tarehe nane, miezi miwili iliyopita, saa tisa alasiri, ofisini kwangu, lile dirisha lisilofungika nimelikazia boksi lililokunjwa, aligonga akaingia na makala yangu mkononi, imejaa alama za kalamu, "Mwalimu, samahani, ukurasa wa tisa, hapa panaposema ni wazi… mimi sioni." Nikamwambia, "Soma tena." "Nimesoma, Mwalimu." "Basi soma ukiwa umekula," nikamfanyia mzaha, hakucheka, akasimama, akaangalia sakafu, kisha akasema polepole sana, kama mtu anayevuka chumba chenye mgonjwa aliyelala, "Na yule mpishi wa sura ya saba, Mwalimu… yeye alijibiwa?" na nikahisi masikio yanapata moto, kumbe amesoma, kumbe anajua bibi yangu ni nani, na nikasema, nakumbuka nilivyosema, kila herufi, hakuna dirisha lolote nililoongeza, nikasema, "Yule ni mpishi wa hadithi, Sisimizi. Usichanganye mambo," na akasema, "Sawa, Mwalimu, samahani," na fomu ya kuruhusu tasnifu iende kwa watahini ilikuwa juu ya meza, nikaivuta, nikaweka saini, nikaandika tarehe, nane, kwa wino, mbele yake, ili aone mazungumzo yamekwisha.

Sasa mwezi wa tatu au wa tano una kazi gani? Miaka yote hii nimelishika swali hilo kama mtu aliyeshika tiketi ya basi lililokwishaondoka, nimelipekua mbele na nyuma, lini nilijua, nilijua kabla au baada, na jibu lake, hata likija leo limepigwa mhuri, halibadilishi kitu kuhusu Jumanne, Jumanne nilijua, hakukuwa na mkono wa Jumamosi wala mkono wa Jumatatu, ilikuwa mikono yangu hii miwili, mmoja umeshika fomu mwingine umeshika kalamu, na yule binti akarudi bwenini na kurasa zake saba, jibu amekwisha kulipata, maana huwezi kuandika kurasa saba kuhusu kitu usichokipata, ameshajua nini hutokea mapigo yakilingana, mitandao ipi hutulia na ipi haitulii na sharti gani liongezwe, amefanya kazi ambayo mimi niliikimbia miaka kumi na moja, na akaitoa kwenye kitabu chake mwenyewe kwa sababu Mwalimu wake alimwambia usichanganye mambo.

Na nilidhani anatafuta jibu. Namtazama sasa, namtazama kweli, si kama msimamizi, shingo yake imekaza, macho kwenye ubao, mahali pamoja, hasogezi hata ukope kuelekea upande wangu, na mtu anayetafuta jibu macho yake hutangatanga, huangalia dari, hunitazama mimi kwanza kabla ya kitu kingine, miaka minne amekuwa akinitazama mimi kwanza, leo hanitazami, kwa makusudi, anajua akigeuza jicho huku, ukumbi mzima utageuka naye, Mkuu, mtahini, wanafunzi wale wa safu ya pili wenye madaftari, wote watafuata jicho lake hadi kwenye kiti hiki, kwa hiyo anauangalia ubao, anawaacha wadhani hajui, baba yake nyuma anaanza kuelewa kwamba kuna kitu hakiendi, tabasamu bado lipo lakini ameanza kuizungusha kofia magotini, na yeye binti anabeba, anabeba tu, watamwambia rudi baada ya mwaka, au watampa alama ya huruma, na ile fremu itabaki pale nje karibu na kizima moto haina hata vumbi…

Nitasema nini, kusema kwenyewe kunaanzaje, Profesa naomba radhi, hapana, radhi baadaye, Profesa hatua hiyo si yake ni yangu, na ina kosa, na jibu la kosa analo yeye, amelitoa kwenye kitabu kwa ajili yangu, mwulizeni kurasa saba, mpeni muda akazilete, maneno kumi au ishirini, nimeandika vitabu vinne vya watu wanaoongea kwa ujasiri katikati ya nyota na leo siwezi kupanga maneno ishirini, Mkuu atapasuka, koridoni watu watasimama wawili wawili, na makala zinazoinukuu nadharia yangu huku na kule, kazi za watu waliojenga juu yake, zitatikisika, basi zitikisike, wengine watatulia na wengine hawatatulia, sijui ni akina nani, kweli sijui, na ajabu kutojua huku hakuniumi kama kule, ni kama kumefunguliwa dirisha… miguu yangu iko baridi, doa la chai bado lipo, feni inagonga, mtahini ameshusha bilauri mezani bila kutoa sauti, amesema "Haya, binti," kwa upole ule ule, si kwa kumharakisha, na Sisimizi anaweka chaki chini ya ubao, anajifuta vidole kwenye sketi, anageuka kuwaelekea, wao, si mimi, mabega yanapanda, anavuta pumzi, na najua kitakachotoka, namjua, atasema kosa ni lake, hakuelewa, alinakili tu, ameshalipanga tangu Jumanne ile, na mimi hapa nina pumzi hii moja ya kumtangulia.